Kiti cha Nyumba Isiyo na Watu

Ijulikane kwa vizazi vilivyopo na vijavyo kwamba Jumamosi ile, saa nne kamili asubuhi, sebule ya mjomba wangu ilitangazwa rasmi kuwa mahali pa uhalifu mzito usiopata kushuhudiwa. Kiti kilikuwa kimetoweka. Kiti chenyewe kilikuwa na kimo cha kidole changu cha kati, na mtu angeweza kukikalia bila kujua.

Upelelezi uliongozwa na mkaguzi wa kampuni ya bima, mama mmoja mtulivu mwenye viatu visivyotoa sauti, aliyetoa rula ya chuma mkobani kabla hajatoa salamu. Moyoni nilimbatiza Bi Rula. Karani wa upelelezi nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa kura zote zilizopigwa, nazo zilikuwa moja, yangu.

"Wewe ni nani hapa?" aliniuliza mlangoni.

"Mpwa wa mwenye nyumba. Niko hapa likizo nzima. Shuleni mimi ni kiranja wa bweni, mwandiko wangu unasomeka, na nina daftari jipya."

Alinitazama kuanzia kola hadi kamba za viatu. "Haya, andika. Usiongeze, usipunguze."

Niliapa. Kiapo hicho nakitaja mapema kwa sababu baadaye kitaleta taabu.

Nyumba iliyopotelewa na kiti ilikuwa juu ya meza fupi, yenye urefu wa kufika magotini, katikati ya sebule. Ilikuwa nyumba ya wanasesere, ila usifikirie paa la mteremko na mapazia ya maua. Ilikuwa ya kisasa ile ya kwenye majarida: paa bapa, kuta nyeupe, ukuta mmoja mwekundu peke yake kama mtu aliyekosea sherehe, madirisha ya kutoka dari hadi sakafu, na viti vya bomba la chuma lililokunjwa jembamba kama mrija wa wino wa kalamu. Taa ziliwaka kweli. Mabomba ya jikoni hayakutoa maji, lakini yalionekana kama yanakataa kwa makusudi. Bei yake ilikuwa ya gari dogo. Juu yake Mjomba aliweka sanduku la kioo lenye kufuli.

Mjomba ni daktari wa meno. Hata nyumbani hukaa amenyoosha mgongo kama anasubiri mtu afungue kinywa.

"Uliinunua kwa ajili ya nani?" Bi Rula alimwuliza.

"Binti yangu. Alipotimiza miaka saba."

"Anaichezea?"

"Ataichezea atakapofika miaka kumi na miwili. Hiki si kitu cha kuchezewa, mama. Ni usanifu wa majengo."

"Kwa hiyo ulimnunulia mtoto wa miaka saba usanifu wa majengo."

Mjomba alirekebisha tai. "Nilimnunulia kitu kizuri. Mtoto akizoea kutazama kitu kizuri, anakua vizuri."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja haunitoki shingoni." Alivuta kamba kutoka ndani ya shati, na ufunguo ukatokea. "Mwingine anao fundi aliyeitengeneza. Jumatano alikuja kubadilisha taa ya jikoni. Alhamisi asubuhi kiti cha chumba cha kulala hakipo. Mimi si mpelelezi, lakini kuhesabu mpaka mbili najua."

Kisha akaonyesha bahasha iliyokuwa juu ya kabati. Hospitali ya watoto ilitaka kumpa fundi huyo kazi ya kuwajengea nyumba kubwa ya wanasesere ya wodini, na ilikuwa imemwomba Mjomba, mteja wake wa siku nyingi, aandike barua ya kumdhamini. Mjomba alikuwa ameandika. Ilisema hawezi kumdhamini mtu anayetumia ufunguo wa mteja kuchukua mali ya mteja. Dereva wa hospitali angepita kuichukua saa sita.

"Ikifika huko?" Bi Rula aliuliza.

"Hatapata kazi ile. Wala nyingine. Hapa mjini tunaonunua vitu hivi tunajuana."

Karani aliandika maneno hayo taratibu kuliko mengine.

Bi Rula aliomba ufunguo, akafungua sanduku la kioo, akaanza kazi. Niliwahi kuona mwalimu wa baiolojia akipasua chura kwa haraka zaidi. Alipitisha kidole kwenye meza ya sebule ndogo, akakitazama. Akapitisha jikoni. Akapitisha chumba cha kulala.

"Andika. Sebule, vumbi jembamba. Jikoni, vumbi jembamba. Chumba cha kulala, hakuna vumbi." Alisimama akifikiri. "Aliyeingia kwa mlango huu wa kioo angeanzia sebuleni. Huyu hakugusa sebule hata kidogo. Alifikaje chumbani, aliruka?"

"Pengine panya," nilisema kwa heshima zote. "Panya ana njia zake."

"Panya anayeacha sabuni ile ndogo ya jikoni na kubeba kiti cha chuma?"

"Kiti ni cha mbao na chuma," nikasema. "Pengine alifuata mbao."

Bi Rula alimwomba Mjomba kimoja cha vioo vyake vya kutazamia meno, kile kidogo cha mviringo chenye mkono mrefu. Mjomba alikileta mwenyewe, akakifuta kabla ya kukitoa, kwa mazoea. Bi Rula akakiingiza chini ya kitanda cha nyumba ile.

"Andika. Chini ya kitanda kuna punje mbili za mchele. Zimelazwa sambamba. Ncha zimetazama nje." Akainua blanketi la ukubwa wa stempu kwa ncha ya kibano. "Kitanda kimetandikwa. Kona zimekunjwa mshazari na kuingizwa chini ya godoro. Shuka limerudishwa juu ya blanketi, mkunjo umenyooka." Akachukua kitu kutoka kwenye mto, akakisugua kati ya vidole viwili. Kilijiviringa, cheusi na chembamba kama unywele wa nyusi. "Na takataka za kifutio."

Maji yalianza kunifika magotini. Bado nilikuwa na matumaini na panya.

Fundi alifika saa nne na nusu, kwa miguu, akiwa amevaa koti la kazi lililonyooshwa pasi. Walikuwa wanamwita Milimita, kwa sababu hakuwahi kutaja kipimo kikubwa kuliko hicho. Hata umri wake, walisema, alikuwa akiutaja kwa milimita. Alisalimia watu wote, mimi nikiwemo, kisha akaisalimia na nyumba kwa macho.

"Bwana Milimita," Bi Rula alianza, "ulipoleta nyumba hii, kitanda kilikuwa kimetandikwa namna gani?"

"Ovyo. Blanketi nilitupia tu, kama mama aliyeitwa jikoni. Nilitaka mtoto apate cha kufanya."

"Unazitengeneza kwa ajili ya watoto?"

"Watoto tu. Miaka kumi na tisa natengeneza nyumba za watoto, na sijawahi kumwuzia mtoto hata moja." Alisema bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa. "Wakubwa wananunua, wanaweka kioo, halafu wananiita nije kupangusa vumbi."

"Vitu vya namna hii mtoto atavivunja," alisema Mjomba.

"Akivunja nitatengeneza, daktari. Kwani wewe watu wasiposhindwa kupiga mswaki utakula wapi?"

Bi Rula aliweka rula mezani. "Mbali na mlango wa kioo, kuna njia nyingine ya kuingia ndani ya nyumba hii?"

Fundi alitazama mikono yake, kisha nyumba.

"Swali hilo naomba nisilijibu."

"Unajua kuna barua inasubiri saa sita?"

"Nimeambiwa."

"Na bado hujibu?"

"Nilimwahidi mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi," alisema Mjomba, "na sikumbuki ahadi yoyote."

Fundi alimgeukia kwa adabu kubwa. "Samahani, daktari. Si wewe."

Nataka msomaji aelewe hali ilivyokuwa. Mtu mzima, mwenye watoto wake, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi akiacha jina lake la miaka kumi na tisa lizame, kwa sababu aliamini anamficha mtoto. Na palikuwepo mtu mwingine chumbani, mwenye daftari jipya, ambaye angeweza kumwokoa kwa sentensi moja. Mtu huyo alichonga penseli.

Shahidi wa tatu aliitwa. Ni binamu yangu, binti wa Mjomba, tunamwita Sisimizi kwa sababu ni mdogo na haachi kitu kimpite. Aliketi akining'iniza miguu.

"Nyumba hii ni ya nani?" Bi Rula alimwuliza.

"Yangu. Lakini bado sijaifikia."

"Utaifikia lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo nitakuwa siitaki tena."

Mjomba alikohoa.

"Umewahi kuigusa?"

"Kioo tu. Kwa ulimi. Mara moja."

"Kina ladha gani?"

"Ya kitambaa."

"Na ndani anaishi nani?"

"Hakuna watu. Baba alisema wanasesere watauharibu usanifu." Alifikiri kidogo. "Ila kuna mtu analala mle. Jumatatu ya wiki iliyopita mto ulikuwa upande wa ukuta. Jumanne ukawa upande wa dirisha. Halafu kitanda kikawa kinatandikwa vizuri vizuri."

"Mbona hukuniambia?" Mjomba aliuliza.

"Uliniambia nisimame mbali. Nikasimama."

"Wewe binafsi unajua kutandika hivyo?" Bi Rula aliendelea.

"Mimi huvuta tu blanketi likafunika. Baba naye havuti hata kuvuta."

Karani aliandika yote, ikiwemo hiyo ya Mjomba, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida.

"Sasa soma tulivyoandika mpaka hapa," Bi Rula aliniambia.

Nilisoma. Nilisoma vumbi, nikasoma sebule na jikoni, nikasoma funguo mbili, nikasoma blanketi la kutupia. Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja chumba cha pili.

"Punje za mchele ziko wapi?"

"Zipi?"

"Mbili. Sambamba. Na takataka za kifutio."

"Zitakuwa zimeniponyoka, mama."

"Zimekuponyoka punje zote mbili na takataka pia," alisema, wala hakunifokea. Akavua viatu vyake, akaviweka pembeni, na mbele ya daktari wa meno mwenye tai akalala chali sakafuni na kujisukuma chini ya meza.

Mtu mzima akilala chini ya meza, wengine hawajui waweke macho wapi. Miguu yake yenye soksi za kijivu ilibaki nje.

"Daktari," sauti ilitoka chini, "umewahi kulala hapa?"

"Mimi? Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana." Kikasikika kibonyezo cha mbao, tak, na chumba cha kulala cha nyumba ile, chote, sakafu yake na kitanda chake, kikashuka polepole kama sinia na kutoweka mbele ya macho yetu. Sisimizi aliteremka kochini bila ruhusa ya mtu. Mjomba alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yote, yalikuwa mazuri.

Fundi alipumua. "Zote nazitengeneza hivyo," alisema. "Chumba kimoja hushuka kwa chini. Mkubwa hakioni, kwa sababu mkubwa haketi sakafuni. Mtoto atakiona siku moja, akifuata mpira au penseli. Akikiona, ni chake. Simwambii mtu. Ndiyo ahadi yenyewe." Akamtazama Sisimizi. "Mwanangu, kama ni wewe, hakuna ubaya."

"Si mimi," alisema Sisimizi, akiwa tayari amelala kifudifudi. "Ningekuwa mimi ningekuwa na furaha."

Bi Rula alitoka chini ya meza akiwa na vumbi begani na rula mkononi. "Si yeye. Dekio halifiki huku chini, vumbi ni la miezi mitatu, na katikati limefutwa na mgongo wa mtu. Mabegani ni sentimita arobaini na mbili. Mtoto huyu hana hata thelathini. Daktari ni mpana, meza ingeinuka." Alimgeukia fundi. "Na wewe una ufunguo, usingelala chini." Akavaa viatu. "Naomba kuona vitanda vya nyumba hii. Vyote."

Karani aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Alipewa.

Ukweli ni kwamba sikwenda msalani. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami ukingo wangu ulikuwa kitanda. Niliingia chumbani kwangu nikakivuruga. Nilichomoa shuka kona zote nne, nikatupa mto chini, nikakunja blanketi kama mkate uliokanyagwa. Kwa kiranja wa bweni anayekagua vitanda arobaini na viwili kila alfajiri, na kumrudisha mtu bwenini kwa kona iliyolegea, kitendo kile kiliuma. Kisha nikarudi sebuleni nikiwa nimenawa mikono, kwa ajili ya ushahidi.

Kitanda cha Mjomba tulikikuta kama alivyosema bintiye. Cha Sisimizi kilikuwa blanketi lililovutwa, na chini yake kijiko. Changu Bi Rula alikisimamia kwa muda.

"Huwa unalala hivi?"

"Likizo ni likizo, mama."

"Kitanda kilicholaliwa hukunjamana katikati. Hiki katikati kimenyooka, kimevurugwa pembeni tu." Aliinama, akatumia kile kioo cha meno kutazama mvunguni, ingawa safari hii hakukuwa na haja. Viatu vyangu vya shule vilikuwa pale, sambamba, ncha zimetazama nje. Hivyo ndivyo tunavyoviweka bwenini, ili kengele ikilia mtu atumbukize miguu na kukimbia. Nilivuruga vyote siku ile isipokuwa viatu. Mkono uliozoea hauoni ulichokizoea.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa kumi na moja.

Nje honi ilipigwa mara mbili. Dereva wa hospitali alikuwa amefika, saa sita kasoro dakika tatu, mtu wa kuaminika kwa bahati mbaya. Nilimsikia Mjomba akitembea kuelekea kabatini.

"Niliiba mimi," nikasema kwa sauti ya kufika sebuleni. Nyayo za Mjomba zikasimama.

Nilivuta sanduku langu la bati, nikatoa kopo la vyombo vya jiometri, nikalifungua kitandani. Kiti kilikuwa ndani, mguu mmoja umebanwa kwa kibanio cha nguo, gundi haijakauka vizuri. Pembeni yake kililala kifutio changu kikubwa cheusi, chenye macho mawili ya wino na tai.

Walikuwa wamejaa mlangoni wote: Mjomba na bahasha yake, Fundi Milimita, Sisimizi akiwa katikati ya miguu yao. Bi Rula alichukua kiti kwa kibano, akakipeleka dirishani. Fundi alisogea, akakitazama.

"Gundi umeweka nyingi," aliniambia kwa upole.

"Samahani, fundi."

Mjomba aliichana bahasha katikati, kisha akaviweka vipande vyake mfukoni mwa shati, kama mtu anayetunza risiti ya aibu. "Fundi," alisema, "nitaandika nyingine sasa hivi. Mwambieni dereva anywe maji." Akanigeukia. "Na wewe, mwizi ndani ya nyumba yangu. Nitamwambia nini mama yako?"

"Mwambie niliiba, Mjomba," nilisema haraka. "Nitaadhibiwa, yataisha." Kwa kweli adhabu nilikuwa naiomba. Wizi ni jambo lenye heshima yake. Bwenini mtu akifukuzwa kwa wizi, wengine humsindikiza kwa macho ya kuogopa.

"Mwizi hatandiki kitanda," alisema Bi Rula. "Wala hawekei mtu viatu vya mchele." Alitoa fomu mkobani, akaiweka mbele yangu juu ya lile blanketi lililovurugwa. "Fomu yangu ina mstari mmoja wa sababu. Karani, andika. Usiongeze, usipunguze. Halafu usome kwa sauti, maana huwa yanakuponyoka."

Niliandika. Ilinichukua muda kuliko mtihani wowote. Kisha nikasoma, nikitazama karatasi:

"Kiti kilivunjika karani alipokuwa akicheza."

"Akicheza nini?" aliuliza Sisimizi.

"Nyumba ya wanasesere," nikasema.

"Wewe? Na ndevu zako tatu?"

"Mimi. Kila siku saa nane mchana, ukiwa umelala. Penseli ilianguka chini ya meza, nikaifuata, nikakiona kile kibonyezo." Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Mwanzoni nilitaka kumtania Mjomba tu, nihamishe mto aone mzuka. Siku ya pili nikampeleka Bwana Kifutio akapumzike. Siku ya tatu akawa anarudi kutoka kazini. Jumatano hii alikuwa amechoka, nikamkalisha kwa nguvu, kiti kikavunjika. Fundi alipotajwa nikanyamaza. Niliona afadhali niitwe mwizi, au hata yeye aitwe, kuliko bwenini kujulikane kwamba kiranja wao anamvulisha kifutio viatu."

Sisimizi alikichukua kifutio kutoka kwenye kopo, akaitazama tai yake.

"Anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Ni daktari wa meno," nikasema.